Kabla ya Monduli kuna daktari

Tangazo la nafasi za kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likitoka, vijana hukimbilia mistari ya elimu na umri. Mstari unaotaka mwombaji awe na afya nzuri ya mwili na akili huupita haraka, maana kila mmoja anajiona mzima. Mstari huo mfupi unastahili kusomwa polepole, kwa sababu unaweza kukata safari ya kijana mwenye vyeti vizuri na nidhamu isiyo na doa.

Daktari wa jeshi haulizi swali la daktari wa kliniki. Wa kliniki huuliza unaumwa nini. Wa jeshi huuliza mwili huu utafanya nini ukikimbizwa na mzigo mgongoni, ukilala saa chache kwa wiki nzima, ukikaa jirani na milio ya risasi. Kwa kadeti swali linazidi uzito. Anayemaliza Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu, akawa luteni usu anayeongoza wenzake. Akizimia njiani, au akishindwa kutofautisha rangi ya ishara, wanaoumia ni wengi. Ndiyo maana upimaji hutangulia mafunzo: mafunzo yenyewe ndiyo yanayoweza kuudhuru mwili wenye kasoro iliyojificha.

Tuanze na kipimo rahisi kuliko vyote, shinikizo la damu. Kijana ametembea kwa miguu kutoka Kariakoo juani, amekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, amepanda ngazi na kunyoosha mkono papo hapo. Mashine ikasoma zaidi ya 140 kwa 90. Hapo bado hakuna ugonjwa uliothibitishwa. Utaratibu sahihi unataka akae kimya dakika 5, mgongo ukiegemea, miguu ikikanyaga sakafu, mkono ukilazwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Kipimo kilichofanywa kwa haraka kinaweza kumtia hofu mtu mwenye afya, na kinaweza pia kumfanya daktari mwingine adharau namba iliyo ya kweli.

Masikio yana hadithi nyingine. Anayeuza nguo Kariakoo huku kipaza sauti kikinguruma pembeni yake tangu asubuhi anaweza kuongea na wateja bila shida yoyote. Akivaa vidude vya kipimo cha usikivu, huenda mchoro ukaonyesha bonde kwenye mawimbi ya hezi 4,000, alama inayoachwa na kelele za muda mrefu. Mpaka unaotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kadiri desibeli zinavyoongezeka muda salama hupungua. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi, na milio ya bunduki huongeza hasara juu ya hasara. Kijana anayetaka jeshi aanze kuyalinda masikio yake leo.

Macho nayo hupimwa kwa njia mbili. Ubao wa herufi huonyesha anaona umbali gani, na mara nyingi miwani hurekebisha tatizo. Kadi za Ishihara, zilizotungwa Japani mwaka 1917, huficha namba katikati ya vitone vya rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani haioni. Hali hiyo hurithiwa na huwapata zaidi wanaume. Kwa rubani ni kizuizi kizito. Kwa ofisa wa kazi nyingine uzito wake si uleule.

Jambo linaloigusa Tanzania kwa karibu zaidi ni selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa duniani, na inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa kwa utafiti maalumu tangu 2004. Lakini aliyerithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida haumwi, na wengi hawajui kama wanacho. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba makuruta weusi wenye kinasaba hicho walikuwa na hatari ya kifo cha ghafla mazoezini iliyo karibu mara 28 ya ile ya makuruta weusi wenzao wasio nacho. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa askari weusi karibu 48,000, katika jeshi lililokwisha kuweka taratibu za maji na mapumziko kwa wote, haukuona ongezeko la vifo. Uliona hatari ya misuli kuharibika kwa mazoezi makali imezidi kwa asilimia 54. Funzo ni zito: taratibu za maji na mapumziko kwa wote zinaweza kumlinda mwenye kinasaba, bila kumfungia mlango.

Kuhusu nani aamue mlango ufungwe au uachwe wazi, Wamarekani wana mpangilio wa kujifunza. Anayeomba vyuo vyao vya maofisa vya West Point au Annapolis hupimwa chini ya bodi ya Wizara ya Ulinzi, ambayo si sehemu ya chuo. Bodi hutoa jibu: anafaa, zinahitajika taarifa zaidi, au hafai kwa vigezo vilivyopo. Haina mamlaka ya kulegeza masharti. Uamuzi huo ni wa jeshi linalomhitaji kijana. Tabibu husema ukweli wa mwili, na kamanda hubeba uamuzi wa hatari. Kazi hizo mbili zikichanganywa, daktari hushawishika kupunguza kasoro ya anayependwa na kuikuza ya asiye na mtu.

Jirani zetu Kenya wana uzuri mwingine. Matangazo yao hutaja urefu wa angalau mita 1.60, na uzito wa kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake, hivyo kijana hujipima kabla ya kupoteza nauli. Nasi tuna mfano wetu: vijana wenye ulemavu wa kuonekana wanaoitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa huelekezwa kambi ya Ruvu, yenye miundombinu ya kuwahudumia. Taasisi iliyoweza kufikiri hivyo inaweza kufikiri hivyo pia kuhusu upimaji.

Ninachopendekeza hakigharimu mashine mpya. Vigezo vya afya vinavyopimika vichapishwe pamoja na tangazo. Kila aliyeachwa kwa sababu ya afya apewe, kwa siri yake, karatasi yenye mambo matatu: kilichoonekana, kama kinatibika, na kama anaweza kurudi. Mwenye ngiri atafanyiwa upasuaji na kuomba tena. Mwenye shinikizo la juu ataanza matibabu akiwa na miaka 20, kabla ya kuletwa hospitali amepooza akiwa na 45. Jeshi limekwisha kulipia kipimo. Ni haki majibu yamfikie mwenye mwili.