Brutus na Dhahabu ya Cassius

Wahakiki wengi wa tamthilia ya Juliasi Kaizari, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, humtenga Brutus na wenzake: wao waliua kwa wivu, yeye kwa kuipenda Roma. Nakubali, ila kwa shingo upande. Tazama ugomvi wa hemani. Brutus anamkaripia Cassius kwa kula rushwa, kisha papo hapo analalamika kwamba aliagiza kwake dhahabu ya kuwalipa askari akanyimwa. Yeye mwenyewe, adai, hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Alidhani dhahabu ya Cassius ilitoka wapi?

Imani hiyo katika usafi wake ndiyo inayomziba masikio. Cassius, mwenye kijicho (na hajifichi sana), alitaka Antony auawe pamoja na Kaizari. Baadaye akaonya asiruhusiwe kuhutubia mazishini. Brutus alimpinga mara zote mbili kwa jina la heshima, na hotuba ile ikauwasha mji. Hata kuhusu Filipi, Cassius alishauri wangoje adui awafuate. Brutus akaamua waende. Wakaenda, wakafia huko wote wawili.