Msomaji wa Madai

Chuma cha Liganga, kule Ludewa mkoani Njombe, hakikukaa mwambani peke yake. Kimeshikamana na titani na vanadi, na maarifa ya kuvitenganisha mengi yameandikwa kwenye hataza. Kwa hiyo tukihesabu mafundi tutakaowahitaji siku tanuri la kuyeyushia chuma hicho litakapowashwa, namtaja mmoja asiyeshika nyundo: msomaji wa madai ya hataza.

Hataza huwa na maelezo marefu na michoro, lakini mipaka ya haki yenyewe huwekwa na madai. Huwezi kuyasoma vizuri kama hujui kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Chukua sega la chuma lililomo kwenye ekzosi za baadhi ya magari yanayopita mjini Makambako. Bati bapa na bati la migongo, unene wa kama milimita 0.05, huviringishwa pamoja kama jamvi, huingizwa ndani ya gamba la chuma, kisha hulehemiwa kwa aloi ya nikeli katika tanuri lililoondolewa hewa. Bati hilo lina kromi kama asilimia 20 na alumini kama asilimia 5. Alumini ndiyo hutoa utando mgumu unaolikinga lisiliwe na joto. Juu yake hukaa platinamu na madini mengine ya kupunguza sumu ya moshi.

Tuseme dai linataka mabati yawe yamelehemiwa kwenye ncha ya kuingilia moshi. Mshindani ameanzia milimita chache ndani ya ncha. Amevuka mpaka? Mwenye haraka atachukua rula. Msomaji mahiri atauliza kwanza kwa nini mvumbuzi hakulehemu urefu wote. Jibu limo kwenye joto: moyo wa sega hupata joto kabla ya gamba, hutanuka, na mabati yaliyofungwa kila mahali hupasuka. Mvumbuzi alitaka sehemu iliyobaki iwe huru kutanuka. Milimita chache huenda zisimwokoe mshindani. Akilehemu katikati tu, pengine ametengeneza kitu kingine, na hapo aachwe afanye kazi yake.

Swali kama hilo lilifika mahakamani Uingereza katika kesi ya linta za chuma, Catnic dhidi ya Hill & Smith, iliyochapishwa katika ripoti za 1982. Dai lilitaka bamba la nyuma lisimame wima. Mshindani alilaza lake kidogo, nyuzi 6 kwenye linta moja na 8 kwenye nyingine. Jaji Lord Diplock hakuishia kwenye kipimo cha pembe. Aliuliza kama mjenzi anayeijua kazi angeelewa kwamba mwenye hataza alitaka wima kamili na si vinginevyo. Bamba lile lilikuwa bado linabeba mzigo wake, na hataza ikaonekana imeingiliwa. Naipenda hukumu hiyo kwa sababu ilimpa fundi wa ujenzi sauti mbele ya majaji.

Hata hivyo, msomaji wa madai hana ruhusa ya kulivuta dai hadi limeze kazi ya jirani. Mvumbuzi aliyeandika dai finyu hubaki na ufinyu wake.

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Hataza ya 1987, kuna BRELA, wakala wa usajili wa serikali, na kuna ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu lenye makao Harare. Haki ya hataza huishia katika nchi ilikotolewa. Njia ya kuyeyusha madini iliyolindwa ng'ambo tu, karakana ya Njombe inaweza kuitumia hapa bila kumwomba mtu. Ila bidhaa ikielekea nchi ambako hataza ingali hai, madai yasomwe kabla lori halijapakiwa.