Hofu Katika Riwaya: Mkono wa Nani?

Mwanafunzi mmoja wa darasa la itikadi aliuliza swali lililowachekesha wenzake: je, ni kosa kwa kada kusoma riwaya za kutisha? Alikuwa amekesha akisoma kitabu cha majini, na usiku ule alishindwa kutoka nje kwenda msalani. Wenzake walicheka. Lakini swali lake ni la itikadi, na linastahili jibu.

Kwanza tukubali ukweli. Hofu ya msomaji ni hofu ya kweli. Moyo humwenda mbio na mwili kumsisimka, ingawa anajua kwamba alichoshika ni karatasi na wino. Hofu hiyo ni nguvu. Hatuna sababu ya kuidharau. Tunalopaswa kuliuliza ni hili: mwandishi akishatutia hofu, anatupeleka nayo wapi?

Tuchukue mfano wa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Ali, mwenye shamba, anakutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaheshimu na kupaogopa. Msomaji aliyelelewa katika imani hizo huanza kutetemeka kabla hajaelezwa mengi. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake. Anauliza, anasikiliza, analinganisha maneno ya huyu na ya yule, mpaka inadhihirika kwamba mkono uliotenda ni mkono wa binadamu. Thamani ya kitabu iko hapo. Mwandishi ametutisha kwelikweli, kisha ametuonyesha hatua za kuiondoa hofu, moja baada ya nyingine. Hatua hizo msomaji anaweza kuzichukua akaenda nazo kijijini kwake.

Je, huko kijijini zinahitajika? Ndugu, zinahitajika mno. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na moja ya dalili zinazotajwa ni macho mekundu. Macho hayo yametiwa wekundu na moshi wa jikoni, kwa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi katika nyumba isiyopitisha hewa. Mtoto amefariki, hofu imetanda, na hakuna anayeuliza habari ya mbu, ya maji ya kunywa, wala ya umbali wa zahanati. Anatafutwa mtu, naye hupatikana yule asiye na wa kumtetea. Mara nyingine nyuma ya tuhuma yuko anayelitamani shamba la bibi huyo. Ujinga, maradhi na umaskini, maadui watatu tuliowatangazia vita tulipojitawala mwaka 1961, hukutana katika mauaji hayo. Kadhalika tulishuhudia, hasa kuanzia mwaka 2007, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Ule ulikuwa ushirikina uliogeuzwa biashara, wenye wauzaji na wanunuzi wenye fedha.

Aina ya pili ni riwaya za ujasusi. Katika Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974, hofu inatokana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Tarehe 3 Februari 1969 Ndugu Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Musiba anastahili sifa kwa kumtaja adui halisi. Hata hivyo kasoro yake ni kubwa. Willy Gamba anaokoa kila kitu peke yake, kati ya hoteli za fahari, vinywaji na wanawake wazuri, huku umma ukiwa mtazamaji tu. Msomaji anafunga kitabu akiwa amefurahi, lakini hajajifunza wajibu wake. Ulinzi wa taifa hauwezi kuachiwa shujaa mmoja mwenye bastola.

Aina ya tatu ni vijitabu kama kile cha mwanafunzi wetu. Humo watu wanakufa, damu inamwagika, na mwishoni aliyetenda ni jini. Wapo wanaotaka vitabu hivyo vipigwe marufuku. Siafikiani nao. Kitabu kilichokatazwa husomwa gizani, na gizani ndiko hofu inakostawi. Aidha, hatuwezi kudai kila riwaya imalizike kwa mkosaji kutiwa pingu. Kichwamaji cha Kezilahabi kinatuacha na majonzi ya kijana aliyejiua, na majonzi hayo yanatulazimisha kuitazama jamii iliyomlea. Tunachodai ni kwamba fadhaa tunayotiwa itufumbue macho.

Kwa hiyo vikundi vyetu vya usomaji visome riwaya hizi waziwazi, na viulize maswali matatu. Hofu hii imeletwa na nani? Inamnufaisha nani? Nani anaiondoa, na kwa njia gani?

Nilimtaka mwanafunzi yule amalize kitabu chake, kisha aje kuyajibu maswali hayo mbele ya wenzake. Alirudi akasema kwamba jini lilitoweka na hadithi ikaishia hapo. Nikamuuliza: basi kesho mtoto akifariki kijijini kwenu, kitabu hiki kimekufundisha umtafute nani? Alifikiri kwa muda, kisha akamtaja bibi mmoja jirani yao, aishiye peke yake. Safari hii darasa halikucheka.