Mbuni Huu ni wa Ukoo Gani?

Muulize mkulima wa Nyeri ana kahawa ya aina gani, atakujibu bila kusita: hii ni SL28, na ile mistari ya kule chini ni SL34. Amejuaje? Aliambiwa na baba yake, naye baba aliambiwa na aliyemuuzia miche. Huenda pia akakuinamishia tawi uone majani machanga ya nchani, kama ni ya kijani au ya rangi ya shaba. Ni ujuzi wa kweli, na siubezi. Shida ni kwamba rangi ya jani changa ni kama rangi ya macho ya mtu: inakudokezea, lakini haikutajii jina la babu yake.

Hiyo SL34 yenyewe ni mfano. Herufi hizo mbili zinatokana na maabara ya Scott iliyokuwa Kabete, ambako miaka ya 1930 wataalamu walikuwa wakichagua mti mmoja mmoja uliowaridhisha na kuupa namba. Mti wa namba 34 ulitoka shamba la Loresho, ukahesabiwa kuwa kahawa ya mapadri Wafaransa, yaani Bourbon iliyosafiri kutoka kisiwa cha Réunion. Miongo ikapita, vitabu vikarudia hivyo hivyo. Kisha vikaja vipimo vya vinasaba: SL34 ni wa ukoo wa Typica, si Bourbon. Waswahili husema kitanda hakizai haramu, lakini kitanda cha miche huzaa, tena huzaa sana.

Ninaowahusudu ni mafundi waliolitamka jambo hilo. Kazi yao huanza na jani changa, zima, lisilo na kutu wala tundu la mdudu, linalotiwa kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya mti. Bahasha hukaa pamoja na punje za silika, ndugu wa zile zinazokuja ndani ya boksi la viatu, mpaka jani likauke na kuvunjika kama kashata. Likioza njiani, kazi imekwisha kabla haijaanza.

Maabarani, jani husagwa. Hapa mbuni huonyesha ukaidi wake. Jani lake limejaa kemikali ambazo, chembe zikipasuka tu na kupata hewa, hugeuka kahawia kama ndizi mbichi iliyomenywa ikaachwa mezani, na rangi hiyo chafu hung'ang'ania vinasaba. Basi fundi huziwahi: hutia kwenye maji ya moto ya chumvi na sabuni dawa inayozikamata kemikali hizo kwanza. Hutia klorofomu, huzungusha kwa kasi, na vitu hujitenga tabaka kwa tabaka. Tabaka la juu ndilo lenye mali. Hulifyonza polepole, na huacha tone la mwisho ili asiguse utando wa katikati. Nadhani fundi mzuri hupimwa kwa tone hilo analoliacha. Akimimina pombe, vinasaba huonekana kwa macho, uzi mweupe kama utando wa buibui.

Baada ya hapo mashine hunakili vipande vichache vilivyochaguliwa, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Ukirudia mara 30 unapata nakala kama bilioni moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 watafiti walitumia vipande 8 tu. Ndani ya kila kimoja, herufi mbili tatu za vinasaba hujirudia kama kibwagizo, na koo hutofautiana kwa idadi ya marudio. Kuhesabu si kazi. Kazi ni kwamba arabika, spishi ya kahawa hizi zote, ilizaliwa na wazazi wa spishi mbili, ikabeba seti nne za kromosomu badala ya mbili, na mingi ya mibuni yake ya mashambani imetokana na miti michache iliyopita Yemen. Yote inafanana. Ni kama kutenganisha mapacha gizani kwa kusikiliza kikohozi.

Tena namba hizo za marudio hazina maana bila mti wa kulinganishia, wenye historia inayojulikana. Aina ya Geisha, kwa mfano, ilichukuliwa Ethiopia miaka ya 1930, ikapita kituo cha Lyamungu karibu na Moshi, ikafika Costa Rica mwaka 1953 na kupewa namba T2722, kisha ikapata umaarufu Panama. Kwa kuwa kuna waliotunza mti na daftari lake, swali linajibika. Na jibu lilichoma: kati ya sampuli za Geisha zilizopimwa katika utafiti ule, ni asilimia 39 tu zilizolingana na ukoo huo, ilhali aina nyingine, Marsellesa ya Nicaragua, ilifika asilimia 91. Si lazima wizi. Nyuki hana habari na mipaka ya shamba.

Mbuni huchukua miaka mitatu hivi kuzaa na huishi miongo, kwa hiyo pahali pa kupima ni shamba la mbegu, kabla mti mama haujatoa maelfu ya miche. Majibu yakirudi, mtu hushika karatasi na kupita mistari akitafuta kibao chenye namba. Mti usiolingana si lazima ung'olewe. Hufungwa utepe, na buni zake huchumwa za kunywa tu.