Ufundi wa Kumchagulia Mtu Kiatu

Kumchagulia mtu kiatu ni ufundi unaojitegemea, tofauti na ufundi wa kukishona na tofauti kabisa na biashara ya kukiuza, ingawa katika miji ya zamani ya bara kazi hizo tatu zimezoea kukaa juu ya kigoda kimoja. Fundi viatu wa Tabora, yule anayetandika gunia lake chini ya mwembe na kupanga mbele yake shazia, uzi, gundi na vipande vya tairi, hamuulizi mteja anavaa namba ngapi kabla hajakishika mkononi kiatu ambacho mteja huyo amekivua. Swali la namba, ambalo kwa muuza raba wa mtandaoni ndilo la kwanza na mara nyingi ndilo la mwisho, kwa fundi huja nyuma ya maswali mengine, na pengine lisije kabisa. Mpangilio huo wa maswali ni elimu kamili, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanaounda zana za kulinganisha viatu vya mbio katika intaneti, yaani tovuti na programu za simu zinazomwekea mnunuzi raba mbili tatu bega kwa bega pamoja na bei, uzito na unene wa soli zake, hawajauona kuwa ni elimu.

Kazi ya fundi huanzia kwenye kiatu kikuukuu. Hukipindua, akaitazama soli kwa muda mrefu kuliko mteja anavyotarajia, kisha akakilinganisha na mwenziwe, kwa kuwa miguu miwili ya mtu mmoja ni nadra kulika sawa. Kisigino kilicholika kidogo upande wa nje hakimshughulishi, kwa sababu watu wengi hukanyaga hivyo. Lakini kilicholika upande mmoja tu wa jozi humfanya amwombe mteja atembee hatua chache, naye amtazame akienda na akirudi. Hapo ndipo hutia mkono ndani ya kiatu na kupapasa, maana ndani ya kiatu mna habari ambazo mvaaji mwenyewe hazijui. Kitambaa cha nyuma kilichochakaa kwa kusuguliwa humwambia kwamba mguu ulikuwa ukiteleza, ama kwa sababu kiatu kilikuwa kikubwa, ama kwa sababu kamba hazikufungwa sawasawa. Alama za vidole zilizojichora hadi ukingoni mwa soli ya ndani humwambia kwamba kilikuwa kifupi. Na tundu dogo ubavuni, usawa wa kidole cha mwisho, humwambia kwamba urefu ulitosha ila upana ulikosekana, kosa ambalo namba iliyoandikwa kwenye ulimi wa kiatu haiwezi kulifichua.

Baada ya hapo huja kipimo cha mguu, nacho kina adabu zake. Mteja husimama juu ya kipande cha boksi, hakai, kwa kuwa mguu uliobeba mwili hutandazika na kurefuka. Hupimwa miguu yote miwili, na ule mkubwa ndio unaofuatwa. Na fundi mwangalifu humtaka mteja arudi jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana. Mstari wa chaki au wa kalamu unaozunguka unyayo hubaki juu ya boksi, na mstari huo una mambo ambayo tarakimu moja haiwezi kuyabeba: upana wa mbele, wembamba wa kisigino, kidole cha pili kilichokizidi cha gumba. Wakata katambuga, yaani kandambili ngumu zinazochongwa kutoka kwenye matairi ya magari, hufuata mstari huo huo kwa kisu, na ndiyo sababu kiatu hicho cha watu wa hali ya chini, kinachodharauliwa na wengi, hukaa mguuni mwa mwenyewe kwa usahihi ambao raba ya bei kubwa haina hakika ya kuufikia.

Swali la tatu la fundi ni la njia: mtu huyu anapita wapi? Katika kata ya Ntalikwa, iliyomo ndani ya Manispaa ya Tabora lakini yenye sura ya shamba na pori la miombo kuliko ya mji, swali hilo si la heshima tu. Wakati wa kiangazi mchanga wa huko huingia katika kila kitambaa chenye matundu, ukasaga soksi na ngozi kwa pamoja. Masika yanapofika, udongo mweusi wa mbugani huganda kwenye soli zenye mifereji mirefu hadi kila kiatu kiwe na uzito wa viwili. Na njia zenyewe, zilizochimbwa na magurudumu ya baiskeli na mikokoteni, hukipindua kwa urahisi kifundo cha mguu cha mtu aliyesimama juu ya soli nene na laini. Mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia liliweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli za viatu vya mashindano ya barabarani, kwa kuwa viwanda vilikuwa vikishindana kuongeza povu juu ya povu. Soli hizo zilibuniwa kwa ajili ya lami. Mkimbiaji wa Ntalikwa anayeelekezwa kuzinunua kwa sababu zimepata alama nyingi katika jedwali fulani amepewa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Inafaa kukumbukwa kwamba nchi hii iliijua miguu mapema kuliko ilivyojua viatu vya dukani. Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, hadi Ujiji kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, ilitembewa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi, na walio wengi walikwenda pekupeku. Mwaka 1873 waliouchukua mwili wa mpelelezi David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, walipitia Kwihara, karibu na Tabora, wakafika Bagamoyo mwanzoni mwa 1874. Reli ilipoingia Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilikufa, na pamoja nayo ikafifia elimu isiyoandikwa ya kujua ni mguu wa namna gani utahimili njia ya namna gani. Sehemu ya elimu hiyo iliyosalia imehifadhiwa na mafundi viatu bila wao kutajwa popote.

Namba yenyewe, inayopewa utukufu mkubwa hivi, ni kipimo chenye utata. Kipimo cha Kiingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, yaani milimita 8.5 hivi, kipimo cha bara la Ulaya, ambacho ndicho kilichozoeleka katika maduka ya Tanzania, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, na vyote viwili kwa desturi hufuata urefu wa kalibu, yaani umbo la mguu lililotengenezwa ili kiatu kiundwe juu yake, wala si urefu wa mguu wa mnunuzi. Kila kiwanda kina kalibu zake, kwa hiyo namba 42 ya kiwanda kimoja yaweza kumbana mtu aliyestarehe katika namba 42 ya kingine. Abebe Bikila wa Ethiopia, anayesimuliwa kuwa hakupata kiatu kilichomkaa vema kabla ya mbio za marathoni za Roma mwaka 1960, alikimbia pekupeku na kushinda, jambo ambalo husimuliwa siku zote kama ushujaa na halisimuliwi kama hukumu juu ya uchaguzi wa viatu.

Sayansi nayo imeelekea upande wa fundi. Kwa miaka mingi wauzaji waligawa miguu katika mafungu matatu kwa kutazama alama ya unyayo uliolowa maji, wakaweka kila fungu na kiatu chake. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa maelfu ya askari wapya wa Marekani, wa nchi kavu, wa anga na wa majini, yalionyesha kwamba kugawa viatu kwa njia hiyo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Mwaka 2015 Benno Nigg, mtafiti wa mwendo wa mwili, na wenzake walipendekeza kwamba starehe anayoihisi mkimbiaji mwenyewe ndiyo iongoze uchaguzi. Fundi amekuwa akiuliza “kinakuuma wapi?” tangu zamani.

Zana bora ya mtandaoni, basi, ingeanza pale anapoanzia fundi. Ingemtaka mnunuzi apige picha soli za kiatu alichokichakaza na kueleza kilimbana au kilimteleza wapi. Ingemfundisha kuchora unyayo wake akiwa amesimama, jioni, kisha kuandika urefu na upana kwa milimita. Ingeuliza kuhusu mchanga, udongo na lami kabla ya kuuliza rangi. Na ingeonyesha vipimo vya ndani vya kila raba kwa kipimo kimoja kisichobadilika, pamoja na habari ambayo karibu hakuna anayeitoa, nayo ni kama soli imeshonwa au imegandishwa tu kwa gundi, ili anayeishi mbali na duka ajue kama kiatu kitashoneka kikiachana. Ingekuwa nyepesi pia, ifunguke katika simu ndogo yenye mtandao hafifu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshinda uwezo wa wahandisi wa leo, na uzembe uliopo ni wa kutosikiliza: ni rahisi zaidi kulinganisha kiatu na kiatu kuliko kulinganisha kiatu na mtu, na kazi iliyo rahisi ndiyo iliyofanywa.

Wakati huohuo raba za mtumba, zilizokwisha kuchukua umbo la miguu ya wageni, huuzwa Tabora kwa picha na kwa swali lile moja la namba, na raba zilizogandishwa kwa gundi hutupwa pale ambapo zamani zingeshonwa. Vijana wachache hukubali kukaa miaka kadhaa kando ya fundi wakijifunza kupapasa ndani ya kiatu. Anayetaka kuyakusanya maswali ya fundi, kwa mpangilio wake na kwa sababu zake, atalazimika kuyafuata chini ya miembe ambako bado yanaulizwa, na miembe yenye fundi chini yake inazidi kupungua.