Alexis Kagame na Mizani ya Ngeli za Kiswahili

Hayati Padre Alexis Kagame (1912-1981) si mgeni kwa wasomi wa Rwanda. Alikuwa mwanahistoria, mshairi na mtafiti wa lugha na fasihi ya Kinyarwanda. Wengi humkumbuka kwa kitabu cha mwaka 1956, La philosophie bantu-rwandaise de l'être, kilichotokana na tasnifu yake ya udaktari mjini Roma.

Katika kitabu hicho anadai kuwa sarufi hubeba falsafa ya wasemaji. Kutokana na mzizi -ntu anapata makundi manne: umuntu, yaani chenye akili, ikintu, kisicho na akili, wakiwemo wanyama, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, aliikosoa hoja hii kwa upande wa falsafa. Sisi walimu wa Kiswahili tunaweza kuipima kwa sarufi.

Mnyarwanda husema "umuntu aragenda" lakini "inka iragenda". Mswahili husema "mtu anakwenda" na vilevile "ng'ombe anakwenda". Hata kifaru, mwenye umbo la ngeli ya KI-VI, hupata upatanisho wa mtu: "kifaru amelala". Tukimfuata Kagame, itabidi tuseme kuwa Mswahili hutenga vitu kwa uhai, na Mnyarwanda kwa akili. Lakini Mswahili hamhesabu ng'ombe kuwa mtu. Naye Mnyarwanda, aliyemtungia ng'ombe mashairi ya sifa yaitwayo amazina y'inka, hamweki daraja moja na jiwe. Upatanisho wa kisarufi, basi, hautoshi kutuonyesha imani ya msemaji.

Kwa maoni yetu, kazi yake iliyo imara zaidi ni La poésie dynastique au Rwanda (1951). Humo aliorodhesha ibisigo, mashairi ya kifalme yaliyohifadhiwa vichwani mwa wakariri, na akataja majina ya watunzi. Hili si jambo dogo. Mpaka leo fasihi simulizi nyingi huchapishwa bila jina la mtu, kana kwamba ilitungwa na kijiji kizima.

Tunawashauri wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti waanze na Kagame huyu mkusanyaji. Wakienda kwa wazee, waandike shairi, jina la anayelikariri na, likijulikana, la aliyelitunga. Nadharia wanaweza kuirekebisha baadaye. Mzee akifariki kabla hajasikilizwa, hakuna wa kuulizwa tena.