Hati Safi na Fikra Potofu: Juu ya Kazi ya Mkaguzi wa Hesabu za Umma

Imezuka miongoni mwa baadhi ya viongozi wetu wa wilaya na kata fikra potofu ambayo hapana budi ikosolewe waziwazi. Wanadai kwamba halmashauri ikishapata hati safi kutoka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, basi fedha za umma ziko salama, na anayeendelea kuuliza ni mchochezi. Nimeisikia hoja hii darasani kutoka kwa madiwani. Nimeikuta pia katika taarifa za utekelezaji zinazosomwa vikaoni: hati safi hutajwa mwanzo kabisa na kupigiwa makofi, na hoja za ukaguzi hazisomwi.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Hati ni maoni ya mkaguzi kuhusu jambo moja, yaani kama taarifa za fedha zilizoandaliwa na halmashauri zinaonyesha hali yake kwa kufuata kanuni za uhasibu, bila kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Mkaguzi hafungui kila hati ya malipo. Huchagua sampuli, akielekea zaidi kule anakoona hatari. Kwa hiyo darasa lililojengwa kwa bei maradufu, likaandikwa vitabuni kwa bei hiyo hiyo maradufu, haliharibu hesabu hata kidogo. Hesabu ni safi; walioibiwa ni wakulima na watoto wao. Na wajibu wa kwanza wa kuzuia wizi huo si wa mkaguzi anayetoka nje. Ni wa Afisa Masuuli, pamoja na mkaguzi wa ndani ambaye mara nyingi tunamnyima hata gari la kwenda kuona mradi.

Wizi unagunduliwaje, basi? Tuchukue saruji, maana kila kada ameiona. Mfuko wa saruji wa umma huacha nyayo katika karatasi: hati ya kuagizia, ankara ya muuzaji, hati ya kupokelea mali, leja ya ghala, hati ya malipo, taarifa ya benki. Mkaguzi huziweka pamoja na kuzisomesha. Je, malipo yalitangulia mapokezi? Je, aliyeagiza, aliyepokea na aliyeidhinisha malipo ni mtu yule yule? Leja inasema mifuko ilitoka kwenda shuleni. Mwalimu mkuu aliipokea lini, na kwa saini ipi? Hapo mkaguzi huacha meza na kwenda shuleni kupima ukuta na kuzungumza na fundi. Karatasi zinaweza kukubaliana zenyewe kwa zenyewe kwa sababu zimeandikwa na kundi moja. Ukuta hauna ukoo na mhasibu.

Akishaona dalili za udanganyifu, kazi hubadilika. Haulizi tena kiasi gani kimepotea tu, bali nani aliandaa, nani aliidhinisha, nani alinufaika, na ushahidi uhifadhiwe vipi usichomwe moto. Lakini hana polisi wala gereza. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi na kumpa taarifa Mkurugenzi wa Mashtaka. Nguvu yake inaishia kwenye ushahidi. Zaidi ya hapo ni kazi ya wengine, pamoja na sisi.

Mfano mkubwa ni ule wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, waagizaji wa bidhaa walilipa shilingi katika Benki ya Taifa ya Biashara, lakini dola za kuwalipa wauzaji wa nje hazikupatikana, na madeni yakalala. Mwaka 1985 yakahamishiwa Benki Kuu. Mdai aliruhusiwa kuhamishia deni lake kwa kampuni nyingine kwa hati, na hapo ndipo kupe walipoingilia. Katika mwaka wa fedha 2005/06, kampuni 22 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133. Ukaguzi maalumu, uliofanywa na kampuni ya Ernst & Young kwa niaba ya Mkaguzi Mkuu, ulionyesha kwamba takriban bilioni 90 kati ya hizo zililipwa kwa kampuni 13 zilizotumia nyaraka za kughushi. Januari 2008 Gavana aliondolewa. Tuangalie jambo hilo kwa makini: saini zilikuwapo, mihuri ilikuwapo, fedha zilitoka benki kwa utaratibu unaoonekana halali. Anayetosheka na karatasi kuwapo asingeona kitu.

Historia yetu inalo funzo la upande wa pili pia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kutaifisha njia kuu za uchumi, mwaka 1968 liliundwa Shirika la Ukaguzi Tanzania, kwa sababu mali ikishakuwa ya umma lazima umma uijue hesabu yake. Lakini mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, tuliegemea zaidi msako. Ari ilikuwa sahihi, na adui alikuwa wa kweli. Hata hivyo sheria ile ilidumu muda mfupi, ikabadilishwa 1984. Msako hukamata magunia. Hauonyeshi nani aliidhinisha magunia yatoke ghalani.

Na sisi wenyewe tujikosoe. Katiba, Ibara ya 143, inasema Mkaguzi Mkuu hatalazimika kufuata amri ya mtu mwingine katika kazi yake. Lakini Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa wakati huo kwa sababu ya neno “udhaifu”. Tuligombania neno, na hoja zilizokuwa katika vitabu vyake zikasubiri. Kusubiri kwenyewe tayari ni kurefu: mwaka wa fedha huisha Juni 30, ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi, wabunge huiona Aprili. Katika miezi hiyo tisa na zaidi, mwizi hupata uhamisho, wakati mwingine na cheo.

Kada hawezi kuifupisha kalenda hiyo peke yake. Anachoweza ni kudai kwamba orodha ya hoja za nyuma isomwe kikaoni kabla ya hati, hoja moja moja, na kila inayodaiwa kufungwa ionyeshwe imefungwa kwa ushahidi gani. Diwani mmoja aliyepita darasani kwangu alirudi kwao akadai hivyo. Mwenyekiti alimwambia anachelewesha ajenda. Mweka hazina aliomba wiki mbili za kutafuta majalada, na diwani akaomba tarehe hiyo iandikwe katika muhtasari wa kikao.